Betri ya ufunguo wa gari: namba, kava na ile chipu ndogo

Rimoti ya gari haifi ghafla, huaga kwanza. Wiki iliyopita ulikuwa unafunga milango ukiwa umeshafika barazani, leo lazima usimame ubavuni mwa gari, kesho unabonyeza mara nne huku umenyoosha mkono kuelekea kioo cha mbele kama mtu anayesimamisha daladala. Kwa wakazi wa Njombe, Mafinga, Arusha au Limuru kuna dalili nyingine inayowachanganya wengi miezi ya Juni na Julai: alfajiri ufunguo umekufa kabisa, saa saba mchana unafanya kazi kama mpya. Hapo hakuna mkono wa mtu. Betri ya lithiamu inayokaribia kuisha ikipoa, ukinzani wake wa ndani hupanda, ikashindwa kusukuma umeme wa ule mpigo mfupi wa redio. Ikipata joto la mfukoni inajikongoja tena siku mbili tatu. Ukiona hivyo usisubiri, maana siku itakapogoma moja kwa moja haitachagua mahali pazuri.

Magari mengi ya kuwasha kwa kitufe hutoa onyo kwenye dashibodi. Shida ni kwamba gari lililoshuka bandarini kutoka Japani linakuonya kwa Kijapani, na mwenye gari amezoea kuyapuuza maandishi yote ya pale kwa sababu hayasomi. Ukiona picha ya ufunguo pamoja na maandishi mapya yanayojitokeza kila ukizima injini, piga picha, ipitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu. Mara nyingi ndiyo habari hiyo hiyo: betri ya ufunguo imeshuka.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha mambo matatu yanayofanana. Leta ufunguo wa akiba. Kama nao haufungui, ni nadra sana betri za rimoti mbili kuisha siku moja. Tazama gari lenyewe, kwa kuanzia betri yake kubwa. Kama taa za ndani ni hafifu na honi inalia kwa kukwama, jibu umelipata. Pili, usidanganywe na kitaa chekundu cha rimoti. Kitaa huwaka kwa umeme mdogo sana, lakini kurusha wimbi la redio kunataka zaidi, kwa hiyo betri iliyochoka inaweza kuwasha kitaa vizuri na isifungue mlango. Tatu, kama kitufe cha kufunga kinafanya kazi na cha kufungua hakifanyi, achana na betri. Betri haichagui kitufe. Hapo swichi ndogo iliyo chini ya kitufe imelika, na hiyo ni kazi nyingine nitakayoigusa mbele.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba betri hii haihusiki na kuruhusu injini kuwaka. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ya imobilaiza, yaani mfumo unaozuia injini kuwaka bila ufunguo wake halisi, nayo haina betri kabisa. Inapata umeme wake kwa njia ya sumaku kutoka kwenye koili (waya ulioviringishwa) iliyozunguka swichi ya kuwashia, ikiwa sentimita chache tu. Ndiyo maana mwenye ufunguo wa kawaida wa chuma, betri ikiisha, anafungua mlango kwa mkono, anachomeka, anawasha, anaondoka. Na ndiyo maana mtu anayebadilisha betri vizuri kabisa lakini akaipoteza chipu anaishia na gari lenye milango inayofunguka kwa rimoti na injini isiyowaka, au inayowaka sekunde moja na kuzima. Kwenye funguo nyingi za Toyota za miaka ya 2000, chipu hiyo ni kipande cheusi cha mstatili chenye urefu wa karibu milimita 12, kimewekwa tu kwenye kishimo chake ndani ya kichwa. Hakina waya, hakina maandishi, kinafanana na uchafu wa plastiki. Ukifungua kava kwa nguvu kinaruka. Kikiingia kwenye nyasi au kwenye mkeka wa gari, utakitafuta kwa magoti. Kwenye funguo za kisasa zaidi chipu huwa imeunganishwa kwenye bodi yenyewe, kile kibao chenye saketi za umeme, na hofu hiyo haipo.

Kuhusu namba. CR2032 si jina la kampuni wala toleo. C ni kemia, yaani lithiamu na manganizi dioksidi. R ni umbo la duara. 20 ni kipenyo cha milimita 20. 32 ni unene wa milimita 3.2. Ukilielewa hilo unaweza kusoma zote: CR2025 ina upana uleule na unene wa 2.5, CR2016 unene wa 1.6, CR1632 ni milimita 16 kwa 3.2, CR1620 ni 16 kwa 2, CR1616 ni 16 kwa 1.6, CR2450 ni 24.5 kwa 5. Zote ni volti 3. Kinachotofautiana ni ukubwa na kiasi cha umeme kilichomo: CR2032 hubeba takriban mAh (miliampia-saa) 220, CR2016 karibu 90, CR1616 hamsini na kitu. Usishangae basi rimoti ndogo ya CR1616 kutaka betri mapema kuliko ya jirani.

Kwa magari yanayojaa barabarani kwetu, Toyota zenye ufunguo wa chuma na vitufe kichwani mara nyingi hutumia CR2016, nyingine CR1616. Toyota za ufunguo janja, ule unaokaa mfukoni na gari likawaka kwa kitufe, nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zina CR1632, na za baadaye CR2032 au CR2450. Nissan utakuta CR2025 au CR2032. Mazda na Subaru za zamani kidogo wanapenda CR1620. Mercedes za zamani hubeba CR2025 mbili kwa pamoja, na hizo hubadilishwa zote mbili siku moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu inaivuta mpya chini. Lakini orodha hii ni ya kukusaidia kubuni tu. Mwamuzi ni namba iliyochongwa kwenye plastiki ndani ya kava, au kwenye bodi chini ya betri. Nasema plastiki au bodi, si betri iliyomo, kwa sababu gari la mtumba limeshapitia mikono kadhaa na aliyekutangulia huenda alibandika kilichopatikana. Zikipingana, amini plastiki.

Kwenye maduka utakutana na ushauri wa aina mbili unaogharimu. Wa kwanza ni "hii inaingia tu". CR2025 ndani ya nafasi ya CR2032 inaingia kweli, na siku ya kwanza inafanya kazi, lakini milimita 0.7 zinazokosekana zinaifanya icheze. Ufunguo utafanya kazi ukiupiga kofi na kugoma ukiwa na mizigo mikononi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: CR2032 iliyosukumizwa kwenye nafasi ya CR2025 hupinda miguu ya shaba, hukandamiza bodi, na kava halifungi sawasawa hata ulibane vipi. Ushauri wa pili unasikika kama werevu: CR2032 hakuna, chukua CR2016 mbili, zibebanishe. Unene unatoshea kabisa, 1.6 na 1.6 ni 3.2. Ila zikibebana hivyo volti zinajumlishwa zinakuwa 6, na bodi iliyotengenezwa kwa volti 3 haikuahidi kuzivumilia. Vilevile kaa mbali na LIR2032, ile ya kuchaji. Umbo ni lilelile, lakini ikijaa inafika volti 4.2.

Nunua betri iliyo kwenye pakiti yake yenye mgongo wa karatasi ngumu, si iliyomwagwa kwenye kopo pamoja na za saa. Zikilundikana bila kutenganishwa zinagusana, zinatumbukiziana umeme, na unauziwa betri iliyokwisha kuanza kazi. Betri nzuri ya aina hii hukaa dukani miaka mingi ikipungua kidogo sana, kwa hiyo tarehe ya pakiti si jambo la kukosesha usingizi. Bandia ndizo tatizo. CR2032 halisi ina uzito wa karibu gramu 3. Ukiishika ikawa nyepesi kama kifuniko cha soda, irudishe. Kuna pia zilizopakwa dawa chungu upande mmoja ili mtoto aiteme. Wazo ni zuri, ila kwenye baadhi ya vifaa rangi hiyo huzuia mgusano. Ukiweka betri mpya ya namna hiyo na ufunguo ukabaki kimya, jaribu ya kawaida kabla ya kulaumu bodi.

Mwenye multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, apime hapohapo dukani. Weka kwenye volti 20 za DC, ncha nyekundu kwenye upande wenye maandishi, nyeusi upande mwingine. Mpya husoma 3.2 au 3.3. Ikisoma 3.0 bado inaweza kuwa nzima, na hapa ndipo multimita inapodanganya: betri za lithiamu hushikilia volti zake karibu mpaka mwisho, kisha huporomoka ghafla. Betri kuukuu ikipumzika inaweza kukuonyesha 2.95 na bado isifungue mlango. Kipimo cha kweli ni kuipa kazi. Shikilia rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia mkondo wa umeme, ya omu 330 kati ya pande zake mbili kwa sekunde moja au mbili huku ukisoma. Hapo unaitoza karibu miliampia 9. Nzima hubaki juu ya 2.8, iliyochoka huanguka chini ya 2.5 mbele ya macho yako. Huna rezista? Kama miguu ya betri inafikika kava likiwa wazi, pima betri ikiwa ndani na ubonyeze kitufe. Ukiona namba inaporomoka kila ukibonyeza, umemaliza uchunguzi.

Sasa kufungua. Kaa mezani, si juu ya boneti, na tandika kitambaa cheupe au weka sinia chini ya mikono. Unahitaji bisibisi bapa ndogo iliyovikwa tepu nchani, kadi kuukuu ya benki au kijiti cha kupigia gitaa, bisibisi ya nyota ya saa kama kava lina skrubu, na simu kwa ajili ya picha. Kucha hazifai, na kisu cha jikoni ndicho chanzo cha yale makovu unayoyaona kwenye funguo za watu.

Ufunguo wa chuma wa Toyota wenye vitufe huwa na skrubu moja ndogo mgongoni, au hauna skrubu bali una mwanya mfupi ukingoni. Skrubu ikiwa imeshika kutu, bonyeza bisibisi chini kwa nguvu kuliko unavyoizungusha. Kichwa chake ni laini na kikilika mara moja utahitaji kukitoboa. Ikitoka, shika ufunguo vitufe vikiwa juu na uinue ganda polepole juu ya sinia. Ndani utakuta kidude cheusi kilichofungwa, kama kiberiti kidogo kilichobanwa: hicho ndicho rimoti. Kitoe kizima, kisha fungua kifuniko chake peke yake. Upande wa pili, karibu na shina la chuma, ndiko iliko ile chipu. Huna kazi nayo. Ukiiona imelegea, ibandike kwa kipande cha tepu papo hapo kabla hujaendelea.

Ufunguo janja una kitelezeo kidogo ubavuni au mgongoni. Ukikisukuma, ufunguo mwembamba wa chuma unachomoka. Weka kando usije ukausahau mezani; siku betri itakapokufa ndio utakaokufungulia mlango. Kwenye tundu ulilouacha, au pembeni yake, utaona mwanya wa mstari. Ingiza ncha ya bisibisi yenye tepu kiasi cha milimita mbili tatu tu, kisha izungushe kama unawasha jiko la gesi, usiisukume ndani wala usiitumie kama mtaimbo. Utasikia mlio mmoja mkavu. Wengi hushtuka wakadhani wamevunja. Ni kibanio cha plastiki kimeachia. Sogea kwenye kona ya pili na kadi, mlio wa pili, na vipande viwili vinaachana. Mercedes za zamani zina mtindo wao: unachomoa ule ufunguo wa dharura, kisha unautumia huohuo kusukuma ndani ya tundu, na kifuniko cha betri kinainuka chenyewe.

Kava likishaachia, simama. Piga picha mbili: moja ya jinsi vipande vilivyokaa, nyingine ya karibu ya betri ikiwa bado mahali pake. Upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ndio chanya, nao huzunguka mpaka ubavuni mwa betri. Hasi ni ule uso mdogo wa upande wa pili, ambao mara nyingi una vipele. Kwenye ufunguo mmoja chanya inatazama juu, kwenye mwingine inatazama bodi. Hakuna kanuni ya kukariri, ndiyo maana ya picha. Ukiigeuza, rimoti nyingi zitanyamaza tu bila kuungua, lakini usifanye hivyo kuwa njia ya kujaribia.

Mahali panapoharibiwa zaidi na mafundi wa haraka ni pale betri inapotolewa. Tazama kwa karibu: betri imekaa kwenye kishimo, upande mmoja imebanwa na vikucha viwili vya plastiki au chuma, upande mwingine uko wazi au una mwanya wa kucha. Unainua upande ulio wazi. Ukiinua upande wa vikucha unavivunja, na havitengenezeki. Chini ya betri kuna miguu ya shaba iliyopinda juu kama ulimi wa kiatu. Hiyo ndiyo inayobeba umeme wa hasi kwenye rimoti nyingi. Bisibisi ikipita chini kwa pupa inailaza miguu hiyo, na betri mpya ikiwekwa haiguswi na chochote. Imelala tayari? Inue kwa kijiti cha meno, nusu milimita inatosha. Ukiipandisha mno inakatika shingoni.

Betri mpya ishike kingoni kama unavyoshika CD. Ukiigusa usoni siyo mwisho wa dunia, ifute kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole huacha utando. Usitumie koleo ya chuma inayokamata pande zote mbili. Sekunde hizo unaichoma betri kabla haijaanza kazi. Kama ilikuja na kinailoni au kibandiko, kitoe. Inachekesha, lakini betri mpya iliyoingizwa na kibandiko chake ni miongoni mwa sababu za kawaida za "nimebadilisha na bado".

Kama miguu ina unga wa kijani au mweupe, ifute kwa pamba ya masikioni iliyochovywa kwenye spiriti kali, ile ya asilimia 99 ikipatikana, maana ya asilimia 70 ina maji mengi. Acha ikauke dakika chache. Ukungu wa kijani ni jambo la kawaida pwani, Tanga mpaka Mombasa, hasa kwa funguo zinazokaa mfukoni mwa suruali yenye jasho. Mpira wa vitufe nao ufute vumbi na uurudishe ulivyokuwa. Ukikunjwa ukingoni, kava halitafunga na maji yatapita.

Kufunga ni kubana kwa vidole kuzunguka ukingo mpaka milio yote isikike. Kikibaki kimoja kikaidi, usikipige kwenye meza. Fungua tena, kuna kitu hakijakaa. Na tafadhali usitie gundi ya supa. Inatiririka mpaka kwenye swichi, vitufe vinakuwa mawe, na atakayefungua baadaye atalazimika kulivunja kava. Kava likiwa limechoka, makava matupu ya modeli nyingi yanauzwa Kariakoo na kwingineko. Unahamisha bodi na chipu, kwisha.

Jaribu ukiwa umeshusha kioo cha dereva. Ufunguo wenye betri mbovu au mguso mbaya unaweza kusahauliwa kwenye kiti, gari lisiuone, likajifunga nao ndani. Kioo kikiwa wazi, bonyeza kufunga na kufungua ukiwa karibu, kisha rudi nyuma hatua kumi, kisha ishirini. Kwa ufunguo janja jaribu pia kitasa cha mlango huku ufunguo uko mfukoni, na washa injini. Huhitaji kuprogramu chochote, hata kama ulikaa bila betri usiku kucha: msimbo wa ufunguo umeandikwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Anayekuambia kila betri mpya inataka mashine, muulize aina ya gari kwanza. Yapo machache ya zamani yanayotaka kuoanishwa upya kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini si desturi.

Gari moja la kuliogopa kwenye habari hii ni BMW E46, yaani 3 Series ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye ufunguo wa vitufe. Ndani yake kuna VL2020, betri ya kuchaji iliyochomelewa kwa risasi kwenye bodi, ndani ya kava lisilo na mwanya. Inachajiwa na swichi ya kuwashia kila unapoendesha. Mtu akiing'oa na kuweka CR2032, gari litaanza kuichaji betri isiyochajika, na hizo huvuja au kupasuka. Kazi hiyo mpe fundi mwenye pasi ya kuchomelea na VL2020 mpya mkononi.

Umebadilisha na ufunguo bado kimya? Tazama picha, chanya iko upande wake? Kisha bonyeza betri kwa kidole huku ukibonyeza kitufe; ukifanya kazi, ni miguu imelala. Kisha toa bodi kwenye kava, betri ikiwa ndani, na ubonyeze swichi ndogo moja kwa moja kwa kijiti. Ikifanya kazi uchi na kugoma ndani ya kava, mpira wa vitufe umechoka, kava jipya litamaliza. Ikigoma hata uchi kwa kitufe kimoja tu, swichi hiyo imekufa. Fundi wa simu anaibadilisha. Ikigoma kwa vitufe vyote, tafuta ufa kwenye risasi inayoshika miguu ya betri, kwa sababu ufunguo uliodondoka sakafuni mara mia hufa pale. Ukiishia kununua rimoti nyingine, kumbuka magari ya soko la Japani hutumia masafa ya karibu 315 MHz na ya Ulaya 433.92. Zinafanana kwa nje kama mapacha, na ya masafa mengine haitasikika kamwe.

Ufunguo ulioanguka baharini au kufuliwa na suruali ni habari tofauti kidogo. Haraka hapa inaruhusiwa: toa betri ndani ya dakika, kwa sababu maji na umeme pamoja ndivyo vinavyokula shaba. Maji ya chumvi yasuuze kwa maji safi, kisha spiriti, kisha hewa ya kivulini siku nzima. Mchele uache upikwe.

Na kama betri imekufia safarini, ufunguo janja bado una njia. Fungua mlango kwa ule ufunguo wa chuma. Kwenye baadhi ya magari tundu limefichwa chini ya kifuniko kidogo cha kitasa. Ving'ora vikilia usiogope, gari linadhani limevunjwa. Kaa, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia upande wenye nembo, subiri mlio, kisha bonyeza kitufe ndani ya sekunde chache. Toyota na Nissan nyingi hufanya hivyo. Inawezekana kwa sababu ya ile chipu isiyo na betri: ukiisogeza karibu kabisa, gari linaipa umeme lenyewe. Magari mengine yana mahali pake maalumu, kama kwenye kishikio cha kikombe au ubavuni mwa shina la usukani, na baadhi ya Nissan za zamani zina tundu la kuchomeka ufunguo mzima. Hakikisha umelijua la gari lako leo, ukiwa nyumbani.

Betri kuukuu ivike tepu pande zote mbili na uiweke mbali na watoto kama unavyoweka mafuta ya taa. Yenye upana wa milimita 20 hukwama kooni mwa mtoto mdogo, na hata iliyoshindwa kufungua gari bado ina umeme wa kutosha kuchoma nyama ya umio ndani ya saa mbili. Mtoto akimeza, ni hospitali yenye eksirei mara moja, usimtapishe, usimpe chakula. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, amemeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza vizuri, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika kumi njiani, visizidi mara sita, na safari isicheleweshwe kutafuta asali. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali.

Kuhusu muda, ufunguo wa chuma wenye vitufe hulala mpaka ubonyezwe, kwa hiyo betri yake hukaa miaka. Ufunguo janja hausinzii. Unasikiliza gari wakati wote, na Toyota wenyewe hukadiria mwaka 1 hadi 2. Ukiutundika ukutani mita mbili kutoka gari lilipoegeshwa, utazungumza nalo usiku kucha. Ukiulaza kando ya chaja ya simu, televisheni au jiko la induksheni, ni vivyo hivyo. Andika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kava kabla ya kulifunga. Ufunguo wa pili unaolala kabatini, kwa Toyota nyingi za aina hii, unaweza kuulaza kweli: shikilia kitufe cha kufunga, ukiwa umekishikilia bonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kitamweka mara nne. Tangu hapo hautasikiliza gari mpaka ubonyeze kitufe chochote.